Kabla plasta haijafunika ukuta: nyaya za mtandao kwenye ofisi mpya

Swali: Mimi ni afisa utawala wa chama cha akiba na mikopo hapa Mwanza. Tunamalizia jengo letu jipya la sakafu mbili, urefu wake kama mita 40, kwa ajili ya wafanyakazi 40. Kibanda cha walinzi kiko getini, mita 120 hivi kutoka jengoni. Plasta inaanza baada ya wiki mbili. Mezani nina makadirio matatu ya bei: wa kwanza anasema tutumie Wi-Fi tu, wa pili ameweka kebo za Cat6 kwa nusu ya bei ya wenzake, wa tatu anataka Cat6A, daraja la kebo lililo juu ya Cat6, jengo zima. Fundi umeme naye anashauri kebo za mtandao zipite kwenye mabomba yake ili ukuta usichimbwe mara mbili. Nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu yangu, nashukuru umeuliza mapema, maana wengi huuliza wakati rangi imeshapakwa. Kwa wiki hizi mbili, suala la Cat6 au Cat6A liweke kando kidogo, ushughulike na mabomba. Kebo ikikosewa huvutwa ikatolewa na nyingine ikapitishwa, ilimradi bomba lipo na lina nafasi. Bomba lenyewe likikosekana, itabidi upasue ukuta uliokwisha pakwa rangi, au uridhike na trankingi, yaani mifereji ya plastiki yenye kifuniko, zinazotambaa juu ya kila ukuta. Swichi za mtandao (visanduku vinavyogawa mtandao kwa kebo nyingi), ruta na vifaa vya Wi-Fi utavibadilisha mara mbili tatu kabla kebo nzuri haijachoka. Basi fedha yako ya kwanza iende kwenye kile kitakachofunikwa na plasta.

Nianze na fundi umeme, kwa sababu ndiye atakayekuwa kazini kesho asubuhi. Ushauri wake ukatae. Nyaya za volti 230 na kebo za data hazikai bomba moja. Sababu kubwa ni usalama: ganda la waya wa umeme likichubuka ndani ya bomba wakati wa kuvuta, na kuchubuka hutokea, umeme wa TANESCO unaweza kuingia kwenye kebo ambayo mfanyakazi wako anaishika kwa mkono anapochomeka kompyuta. Sababu ya pili ni kwamba waya wa umeme unaokimbia sambamba na kebo ya data unaingiza kelele kwenye mawimbi yake. Wape mafundi wote wawili kanuni moja: mabomba yaachane kwa sentimita 20 hadi 30 yanapokwenda sambamba, na yakilazimika kukutana yakatane kwa pembe mraba. Kuhusu kuchimba ukuta mara mbili, hofu hiyo inaondoka ukiwakutanisha leo. Mifereji yote ichimbwe kwa awamu moja, ya umeme na ya mtandao, kisha plasta ifunike yote pamoja. Njia pekee ya kushirikiana ninayoikubali ni ile trankingi pana ya ukutani yenye vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa ndani, umeme upande wake na data upande wake.

Sasa ukubwa wa bomba. Kebo ya Cat6 ina unene wa milimita 6 hivi, na bomba halijazwi pomoni: kebo zichukue kama asilimia 40 tu ya nafasi ya ndani, la sivyo hazivutiki bila kukwaruzana. Kwa hesabu hiyo bomba la mm 20 linabeba kebo tatu, la mm 25 linabeba tano. Mafundi wengi wana mm 20 tayari kwenye gari na watakushawishi kwamba inatosha. Agiza mm 25 kila mahali. Kila bomba lisiwe na kona za pembe mraba zaidi ya mbili kati ya boksi moja la kuvutia kebo na jingine, na lisizidi mita 30 bila boksi. Kona ziwe za kupinda kwa mviringo. Ile kona kali ya kiungio cha maji haifai hata kidogo, kwa sababu kebo haitakiwi kupindwa kwa mviringo mdogo kuliko unene wake mara nne. Ndani ya kila bomba iachwe kamba ya nailoni, na midomo izibwe kwa karatasi na utepe wa gundi ili udongo wa plasta usiingie. Maboksi ya ukutani yawe yale yenye kina cha mm 47. Boksi fupi linatosha soketi ya umeme, lakini kebo ya Cat6 ikilazimishwa ndani yake inakunjika nyuma ya soketi, na kasoro hiyo huionekani tena hadi mtandao usumbue.

Hayo yote yanadai kitu kimoja ambacho nadhani bado huna: mchoro wa meza. Kaa na mkuu wa kila idara, muweke kwenye ramani ya jengo kila meza itakapokuwa, printa itakapokaa, kaunta ya malipo itakapojengwa. Soketi iliyoko nyuma ya kabati la mafaili ni fedha iliyozikwa.

Kwa kila meza weka nafasi mbili za mtandao. Najua utaambiwa moja yatosha. Lakini meza ya ofisa mikopo leo ina kompyuta, kesho ina simu ya mtandao, keshokutwa inagawanywa wakae wawili. Kazi ya kuchimba na kuvuta ni ile ile, kinachoongezeka ni kebo yenyewe na soketi yake. Wafanyakazi 40 wanakupa nafasi 80. Ongeza printa 4, vifaa vya Wi-Fi 6 darini, kamera 10, televisheni na simu ya chumba cha mikutano, mashine ya kusaini mahudhurio mlangoni, na unafika kama 104. Njia ya wastani katika jengo la mita 40, kupanda na kushuka ukuta, ni kama mita 35. Boksi la kebo lina mita 305, kwa hiyo linatoa njia nane na kubakiza kipande kifupi. Unahitaji maboksi 13. Tazama makadirio yako matatu: kama mtu ameandika maboksi 7 kwa nafasi 104, hajapima jengo, amebahatisha, na kitakachopungua atakuja kukidai katikati ya kazi.

Aliyesema Wi-Fi tu hakukosea kwamba watu watatumia Wi-Fi. Alichoacha ni kwamba kila kifaa cha Wi-Fi kinachoning'inia darini kinalishwa na kebo, data na umeme wake wa volti ndogo vyote humo humo. Kuta zenu za tofali na nguzo za zege hula mawimbi, hasa yale ya GHz 5 yanayobeba kasi kubwa, kwa hiyo vifaa vinahitaji kuwa vingi na karibu na watu. Tena hewa ni moja na watumiaji wote wanaigawana. Simu za wafanyakazi na kompyuta za mapajani ziende Wi-Fi. Kaunta ya malipo, kompyuta za uhasibu, printa, kamera na seva zikae kwenye kebo. Mwanachama aliyekuja kutoa akiba yake hapaswi kusubiri kwa sababu kijana wa benchi la nyuma anapakua video.

Tuje kwa Cat6 na Cat6A. Cat6 imepimwa kwa mawimbi ya hadi MHz 250, Cat6A hadi MHz 500. Zote zinabeba gigabiti 1 kwa sekunde katika umbali kamili wa mita 100, yaani mita 90 za kebo ya ukutani na mita 10 za kebo fupi za pande mbili. Tofauti inakuja kwenye gigabiti 10: Cat6A inazifikisha mita 100, Cat6 inazifikisha kama mita 55 hali ikiwa nzuri, na chini ya hapo kebo zikiwa zimefungwa fungu moja nene. Njia zako za wastani ni mita 35. Kompyuta ya mfanyakazi wa kawaida haimalizi hata gigabiti 1. Kwa hiyo Cat6 mezani inatosha kwa miaka mingi. Cat6A ningeiweka sehemu chache tu: vifaa vya Wi-Fi darini, ambavyo vizazi vyake vipya vinataka zaidi ya gigabiti 1 na umeme mwingi, na chumba cha seva. Kufunga Cat6A jengo zima kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye makadirio. Kebo yake ni nene, ngumu kupinda, na yale mabomba ya mm 25 yaliyobeba tano yatabeba tatu. Nyingi ya kebo hizo pia zina ganda la karatasi ya alumini ambalo lazima liunganishwe na ethi (waya unaokwenda ardhini) vizuri, la sivyo halina faida.

Huyu wa nusu ya bei ndiye anayenipa wasiwasi. Cat6 ya nusu ya bei mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, ile ambayo kwenye boksi huandikwa CCA kwa herufi ndogo au haiandikwi kabisa. Viwango vya kimataifa vya kebo za mtandao, ISO/IEC 11801 na TIA-568, vinataka shaba tupu, kwa hiyo kebo ya CCA haistahili kuitwa Cat6 hata ikichapwa Cat6 kila mita. Alumini inakatika ikipindwa mara chache, na ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba. Kompyuta inaweza kufanya kazi nayo, ndiyo maana watu hudanganyika. Inaumbuka pale kebo inapobeba umeme. Kamera ya ulinzi mchana inakula wati chache na kila mtu anafurahi. Saa moja usiku inawasha taa zake za infraredi, mahitaji yanapanda, volti zinaanguka njiani ndani ya alumini, kamera inazima, inawaka, inazima tena. Asubuhi fundi akija kuikagua haina tatizo lolote. Nimeona watu wakibadilisha kamera tatu mfululizo huku kosa likiwa ukutani.

Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe bila mtaalamu. Inua boksi: Cat6 ya shaba ya mita 305 ina kilo 11 hadi 13, na boksi lililo karibu na kilo 8 lina maswali ya kujibu. Chukua waya mmoja mwembamba, ukwangue kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani, CCA inaonyesha fedha chini ya rangi. Kisha kipimo cha tatu, ambacho ndicho ninachokiamini zaidi. Mwambie fundi akate mita 35 kutoka kwenye boksi, ambazo atakuja kuzitumia hata hivyo. Upande mmoja aunganishe nyaya mbili zilizosokotwa pamoja (jozi moja), upande wa pili apime ukinzani kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, akitoa ule wa nyaya za multimita yenyewe. Kiwango kinaruhusu omu 9.38 kwa kila mita 100 za waya mmoja, na hapa mkondo unakwenda na kurudi, mita 70. Kwa hiyo ukomo ni omu 6.6. Shaba nzuri ya Cat6 itasoma karibu na 5. Ukiona zaidi ya 7, rudisha maboksi yote dukani.

Chumba cha raki, yaani kabati la chuma la kufungia vifaa vya mtandao, kiwe katikati ya jengo, si chini ya choo, si ukuta mmoja na jopo kuu la umeme. Kwa jengo lako chumba kimoja kinahudumia sakafu zote mbili, maana hakuna njia itakayokaribia mita 90. Kebo 104 zinataka pachi paneli (vibao ambavyo kebo za ukutani huishia) 5 za matundu 24, na ukiongeza swichi, nafasi za kupangia kebo, ruta na UPS (betri ya akiba), U 20 zinajaa haraka; U ni kipimo cha kimo cha nafasi kwenye raki. Nunua raki ya U 32 au 42, iachiwe nafasi ya mtu kusimama nyuma yake, na kiyoyozi kinachofanya kazi usiku pia. Tundu la kupitisha kebo kwenye slabu kati ya sakafu lizibwe kwa nyenzo inayozuia moto baada ya kazi kwisha. Hilo watu husahau kabisa, na tundu lililoachwa wazi ni bomba la moshi.

Kebo zivutwe baada ya plasta kukauka na kazi za maji kwisha, ila kabla ya siling bodi kufungwa. Zivutwe kwa mkono na kwa upole. Nguvu ya kilo 11 ndiyo mwisho wake, zaidi ya hapo misokoto ya ndani inanyooka. Darini zilale kwenye trei au zishikwe na ndoano, zisilale juu ya siling bodi wala kufungwa kwenye bomba la maji au taa. Zifungwe kwa mikanda ya velkro. Vile vifungo vya plastiki vinavyokazwa kwa koleo vinaiminya kebo na kubadilisha umbo lake ndani, kwa hiyo vikatae. Upande wa raki iachwe ziada ya mita 3, upande wa soketi sentimita 30.

Sasa nikae kidogo kwenye kufunga ncha, kwa sababu hapa ndipo kebo ya bei kubwa inapogeuzwa kuwa ya bei rahisi. Ndani ya kebo kuna nyaya nane katika jozi nne, na kila jozi imesokotwa kwa kasi tofauti na mwenzake. Misokoto hiyo ndiyo kinga yenyewe dhidi ya kelele. Fundi mzuri anavua ganda sentimita chache, anailaza kila jozi kwenye mfereji wake wa soketi ikiwa bado imesokotwa hadi karibu kabisa na meno, anaipigilia kwa kifaa cha kupanchi, mabaki yanakatika yenyewe. Sehemu iliyofunguka isizidi milimita 13, na ikipungua ni bora zaidi. Fundi wa haraka anafungua misokoto sentimita nne ili apange rangi vizuri, kisha anakunja zile sentimita nne ndani ya boksi. Fungua soketi moja uangalie mwenyewe, macho yako yanatosha.

Rangi zifuate mpangilio mmoja jengo zima. T568B ndio uliozoeleka: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia kwamba kijani na nyeupe-kijani vimetenganishwa na bluu mbili katikati. Kuna mafundi wanaoona mpangilio huo haupendezi, wakaweka kila rangi kando ya mwenzake kwa mfululizo, pande zote mbili sawasawa. Kile kitesta kidogo chenye taa nane kitawaka 1 hadi 8 bila kosa, kwa sababu kinauliza tu kama waya namba 3 umefika kwenye namba 3. Hakiulizi kama namba 3 na namba 6 ni jozi moja iliyosokotwa pamoja. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi ambayo kebo zake zote zilipita kwenye taa nane, na bado kompyuta zilikuwa zikishuka hadi megabiti 100 au kukatika kila faili kubwa linapotumwa. Kila soketi ilibidi ifungwe upya.

Ndiyo maana kwenye mkataba usikubali neno "zitapimwa" peke yake. Andika kwamba kila njia itapimwa kwa kifaa cha kuthibitisha kiwango, mfano vile vya kampuni ya Fluke vya mfululizo wa DSX, kikiwekwa Cat6, na kwamba ripoti ya kila njia utakabidhiwa kwenye faili pamoja na ramani. Kifaa hicho ni ghali na si kila fundi anacho, lakini anaweza kukikodi. Ripoti inataja urefu, kelele kati ya jozi na jozi, mawimbi yanayorudi nyuma, kisha neno moja, imefaulu au imefeli. Sehemu ya mwisho ya malipo, na iwe sehemu inayouma, isubiri ripoti hizo. Namba pia ziwe zimechapwa kwenye soketi na kwenye pachi paneli, zinazofanana: 1-A-07 ni sakafu ya kwanza, paneli A, tundu la 7. Namba zilizoandikwa kwa kalamu juu ya utepe wa gundi zinafutika kabla ya mwaka.

Kabla ya kusaini, mwombe mkandarasi wa mtandao leseni yake ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ya kufunga vifaa vya mawasiliano, na fundi umeme leseni yake ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji).

Limebaki geti, na hili nalitilia mkazo. Mita 120 zinapita ukomo wa kebo ya shaba, lakini hata zingekuwa mita 60 nisingekubali shaba hapo. Ukanda wa Ziwa Victoria una radi kali, na radi haihitaji kupiga jengo lenyewe. Ikipiga ardhi karibu, volti zinatofautiana kati ya kibanda na jengo, na kebo ya shaba inakuwa daraja la kuzipitisha hadi kwenye swichi zako zote. Mwanza ina shida ya ziada: mji umekaa juu ya mawe ya matale, fimbo ya ethi haizami ipasavyo, na ukinzani wa ardhi unabaki juu. Tumia faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, isiyo na ukanda wa chuma ndani yake, ya modi moja (dukani huitwa single-mode), nyuzi nne hata kama leo unahitaji mbili. Kioo hakipitishi umeme. Raki, trei na paneli viunganishwe na ethi kuu ya jengo kwa waya mnene wa kijani na manjano, na umtake fundi umeme akupimie ukinzani wa ethi hiyo akiwa mbele yako, akuandikie namba. Fimbo moja isipotosha kwenye mawe hayo, azike kadhaa na kuziunganisha.

Mtaro wa kwenda getini uchimbwe sasa, kabla ya mawe ya uwanjani kupangwa. Laza mabomba mawili ya mm 50 kwenye mtaro huo, moja la faiba na jingine tupu lenye kamba ndani, na bomba la umeme wa kibanda likae mbali nayo kwa upana wa jembe zima.